Je, wajua kwa nini timu za soka za wanawake Uganda zina majina ya shule?

Kawempe Muslim. Rines SS. Uganda Martyrs. Olila High School ya kule Soroti. Ukisoma majina haya harakaharaka utadhani matokeo ya mtihani wa taifa yametoka, kumbe ni timu zilizowahi kupambana katika ligi za juu za wanawake Uganda. Hata vyuo vikuu vimo: UCU Lady Cardinals ni ya Chuo Kikuu cha Kikristo pale Mukono. Kwa wanaume utakuta timu za jiji, za polisi, za jeshi, hadi za watoza kodi. Kwa nini wasichana wao waangukie shule?

Jibu ni karo.

Mwambie mzee wa kijijini Bukedea kwamba unataka kumpeleka binti yake Kampala akacheze mpira, atakuuliza kama umelewa. Mwambie utamsomesha bure hadi kidato cha sita, atalala bwenini chini ya matroni, na mpira ni wa jioni tu: hapo mzee ataagiza kiti ukae. Shule nayo haianzi na mikono mitupu. Uwanja upo, basi lipo, sufuria la posho (ugali) na maharage linachemka hata bila timu. Klabu mpya ingevitafuta vyote hivyo kwa mkopo. Saa kumi na nusu kengele inalia, sketi zinavuliwa, bukta zinavaliwa, aliyesahau soksi anaazima kwa jirani wa kitanda, mazoezi yanaanza. Nauli ya bodaboda haihitajiki.

Ndiyo maana FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ilipoanzisha Elite League ya wanawake msimu wa 2014/15, ikiwa na makundi mawili, Elizabeth na Victoria (majina ya kimalkia kweli kweli), Kawempe Muslim chini ya kocha Ayub Khalifa ndio waliotamba mwanzoni. Juliet Nalukenge alitokea hapohapo Kawempe kabla ya kwenda Apollon Ladies ya Cyprus.

Lakini shule ina ugonjwa wake: mwanafunzi humaliza. Beki uliyemnoa miaka minne, siku anayoanza kuelewana na kipa wake ndiyo siku anayofunga sanduku aende zake. Halafu ifikapo Oktoba mitihani inaanza, na hakuna kocha wa kubishana na ratiba ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Kwa maoni yangu hapa ndipo Uganda inapokwama kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika, iliyoanza 2021 na ambayo ukanda wa CECAFA (Afrika Mashariki na Kati) huingia kwa mchujo. Lady Doves ya Masindi ilijaribu mwaka huo huo wa kwanza, haikupita. She Corporates ilifika fainali ya mchujo 2022 jijini Dar es Salaam, ikalala mbele ya Simba Queens ya Tanzania, timu iliyobebwa na jina na mfuko wa klabu kubwa. Mchezaji wa mshahara hafungi sanduku muhula ukiisha.

Kampala Queens, isiyo na kengele wala bweni, ilitwaa ubingwa wa 2022/23, na wengi tukasema enzi za shule zimekwisha. Msimu uliofuata kombe likarudi Kawempe.