Anayekaimu Ujaji na Mkono Uliomteua

Swali hili hutufikia mara kwa mara hapa Lindi, kwenye kazi yetu ya msaada wa kisheria: hukumu ya anayekaimu ina nguvu? Inayo, mradi aliyemteua alikuwa na mamlaka. Jambo zito zaidi ni uhuru wa huyo anayekaimu mbele ya aliyemteua, na hapo ndipo serikali za kikoloni zilipogombana na majaji wao.

Zilijaa makaimu. Ofisa wa Kiingereza akimaliza zamu yake alipanda meli kwenda likizo ndefu. Jaji Mkuu akiondoka, wa chini yake hukaimu, na pengo la huyo nalo likatafutiwa mtu. Kalamu ya uteuzi alikuwa nayo Gavana.

Hong Kong, Jaji Mkuu John Walter Hulme alitengua faini aliyotozwa mfanyabiashara Compton na balozi mdogo wa Uingereza kule Canton, China. Gavana John Davis alikasirika, akamshtaki kwa ulevi. Novemba 1847 shauri lilisikilizwa na baraza la Gavana mwenyewe. Hulme akasimamishwa, wakili Campbell akakaimu ujaji mkuu. Mwaka uliofuata London ilimrudisha Hulme kazini. Lakini katikati hapo, jaji gani angethubutu kumwambia Gavana amekosea?

Kwetu mambo yaliumiza kwa njia nyingine. Bwana Shauri, yaani ofisa wa utawala wa wilaya, aliyekaa boma la Lindi alikusanya kodi, na huyohuyo alikuwa hakimu. Mahakama za maliwali na majumbe, watawala wenyeji, zilikuwa chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu hadi Gavana Donald Cameron alipozihamishia kwa maofisa wa utawala kwa sheria ya 1929. Jaji Mkuu Alison Russell alipinga, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Mkulima asiyeridhika na hukumu ya liwali alikata rufaa kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na juu kabisa kwa Gavana. Njia nzima mkulima huyo hakukutana na jaji.

Leo ibara ya 118 ya Katiba inamruhusu Rais kuteua Kaimu Jaji Mkuu kiti kikiwa wazi, au Jaji Mkuu mwenyewe akiwa nje ya nchi au akishindwa kazi. Profesa Ibrahim Juma alikaimu tangu Januari 2017 hadi alipothibitishwa Septemba, na wanasheria walihoji hadharani urefu wa muda huo. Walifanya vyema kuhoji, kwani ibara hiyo haikuweka ukomo wa miezi.