Mzee Akikutwa Uani kwa Watu Usiku

Mzee akikutwa saa nane za usiku uani kwa jirani, akisema peke yake na hajui amefikaje hapo, huku kwetu Malindi ni wachache wanaouliza anaumwa nini. Jina analopewa sote tunalijua: mchawi. Katika kaunti hii ya Kilifi wako wazee waliouawa kwa jina hilo, na wengine walikimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, kunusuru roho zao.

Sisi wa afya ya akili tunaomba tuulizwe kwanza. Dimensia ni ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na fikira. Si uzee wenyewe, maana wazee wengi hufa na akili zao timamu. Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, iliyoelezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Ugonjwa huu huvuruga hata majira ya kulala: mchana mgonjwa husinzia, jua likitua fadhaa humwingia, na usiku hutoka "kurudi nyumbani", yaani ile nyumba ya utotoni iliyokwisha kubomoka zamani. Mlango wowote anaoukuta huwa ndio huo.

Basi mkiwa na mgonjwa kama huyo, majirani waambieni mapema, na vijana wa bodaboda wa hapo karibu pia. Hao huwaona wapita njia kabla yetu. Akisema anamwendea mamake, msimbishie kwamba mama alishakufa, kwani kila akiambiwa hufiwa upya. Muulizeni mama alikuwa akipika nini, huku mmemshika mkono mnarudi naye.

Lakini aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi hajui yuko wapi, huyo mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Tukiuliza kama alianguka, jamaa husema, "Alijikwaa tu, siku nyingi." Kumbe damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa, na hiyo hutibika.

Kijana aliyeumia kichwa kwenye pikipiki naye msimwite mkaidi upesi. Kidonda kimepona, ila sehemu ya ubongo inayozuia hasira huenda haijapona.

Mlezi mara nyingi ni binti mmoja, au mkazamwana. Akifika kliniki, namuuliza yeye kwanza analala saa ngapi. Ndugu walioko Mombasa hutuma pesa na ushauri, na ushauri ndio huwa mwingi. Waje walale na mzee siku mbili, mwenzao apate usingizi.