Kiwango kuwa wazi sio kuwa bure: mambo ya patenti tunayoyachanganya

Wengi wanaamini Wi-Fi au 4G ni kiwango cha wazi, yani maelezo ya kiufundi ambayo vifaa vyote vinafuata ili vielewane, kwa hiyo ni bure. Hapana jamani. Wazi maana yake yeyote anaweza kusoma maelezo na kutengeneza kifaa, ila ndani mna patenti (haki za kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa) za makampuni kibao, na kinachotukinga ni ahadi tu ya wenye patenti kwamba leseni zitatolewa kwa masharti ya haki, nafuu na bila ubaguzi.

Sasa wengine wanasema basi bei inajulikana. Hii ndo inayoumiza zaidi, maana kwenye ahadi hamna namba hata moja! Motorola waliitaka Microsoft ilipe asilimia 2.25 ya bei ya bidhaa nzima, yani Xbox ikipanda bei nao wanavuna zaidi hata kama patenti yao haijaongeza chochote, wakafika mahakamani Marekani na 2013 Jaji James Robart akapiga hesabu, patenti zao za H.264, kiwango cha kubana video, akazipa senti 0.555 ya dola kwa kila kifaa. Hata senti moja haifiki.

Halafu kuna hii ya "patenti ni haki yangu, sheria ya ushindani hainihusu". Inakuhusu sana. Kabla ya kura ya kupitisha kiwango mainjinia wana njia tatu nne za kufanya kitu kilekile, wakishachagua moja na viwanda vikamwaga mamilioni ya chipu hakuna tena pa kutokea, ndo maana kuficha patenti kwenye kikao cha kutunga kiwango ni jambo zito. Mwakilishi wa Dell alisaini kwamba kiwango cha VL-bus, cha kuunganisha vipande ndani ya kompyuta, hakigusi patenti ya kampuni yake, baadaye Dell wakaanza kuidai, na 1996 FTC, tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara, ikawafungia wasiitumie dhidi ya watengenezaji wa VL-bus. Ila kuficha peke yake hakutoshi kukutia hatiani, kwa Rambus, kampuni ya teknolojia ya kumbukumbu za kompyuta iliyodaiwa kuficha patenti, mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi wa FTC mwaka 2008 kwa sababu haikuthibitishwa kwamba bila kuficha kile kiwango kingekuwa kingine. Mi naona hapo mzigo wa ushahidi uliwekwa juu mno.

Na tusidhani mwenye patenti tu ndo mkorofi. Mahakama ya Ulaya kwenye kesi ya Huawei na ZTE, 2015, ilisema mwenye patenti aonye kwanza na alete ofa ya maandishi kabla ya kuomba mahakama izuie bidhaa za mwenzake, na anayeitumia ajibu bila kuvuta muda, akikataa ofa alete yake.