Umeshiba sawa, lakini presha haijui kama umekula

Jamani, hii ya "mimi dawa ya maumivu nameza nikishakula, haina shida" leo nimeisikia tena, na aliyesema anatumia losartani, dawa ya presha, pamoja na dawa ya kukojoza, mkononi ana diklofenaki ya mgongo. Haya, ngoja tuongee.

Kula kwanza kunapunguza tumbo kuwaka, basi. Ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni, meloksikamu, zote zinazuia prostaglandini (kemikali za mwili zinazohusika na maumivu) mwili mzima, na kwenye figo hizo prostaglandini ndo zinazotanua mshipa unaoingiza damu na kuifanya figo itoe chumvi. Ukizizima chumvi inabaki, maji yanaifuata, miguu inavimba, presha inapanda. Kwa wengi ni pointi 3 hadi 5 hivi, wengine zaidi. Utasema mbona kidogo, ila dawa za presha kama losartani na enalaprili nazo zinategemea figo hiyohiyo, kwa hiyo zinapungua nguvu (amlodipini, nayo ya presha, haiguswi sana), mtu anarudi kliniki presha iko 160, anaongezewa dozi, na hakuna aliyemuuliza goti anatulizia nini!

Sindano je? Haipiti tumboni, kweli, lakini inaingia kwenye damu, na damu yote inapita kwenye figo, sasa umekwepa nini hapo? Jeli ya kupaka naikubali, inayofika kwenye damu ni kidogo, kwa goti au kiwiko anza nayo.

Ule mchanganyiko wa huyu wa leo ndo unaniudhi kabisa. Dawa ya kukojoza inapunguza maji, losartani inalegeza mshipa wa kutoka kwenye chujio la figo, diklofenaki inabana wa kuingia, msukumo wa kuchujia unaisha. Akiharisha siku mbili juu ya hapo, figo inaweza kugoma ghafla, na alikuwa ameshiba vizuri tu.

Kwa hiyo parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku. Nayo si malaika lakini. Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh waliwapa watu 110 wenye presha gramu 4 kila siku kwa wiki mbili, namba ya juu ya presha ikapanda karibu pointi 5 ukilinganisha na walipomeza kidonge kisicho na dawa. Kwa kichwa cha siku moja wala sihangaiki. Kwa anayemeza kila siku miezi na miezi, kusema ukweli sina jibu linaloniridhisha, namwambia atumie dozi ndogo inayomtosha na apime presha kabla ya kuanza na wiki mbili baadaye.

Parasetamoli zile za kuyeyusha kwenye maji achana nazo, nyingi zina sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) kama miligramu 400 kwa kidonge, ukifika vinane umepita gramu 3 wakati WHO wanataka chini ya gramu 2 kwa siku nzima, chakula humohumo.

Aspirini ndogo ya moyo uliyoandikiwa na daktari, ile ya miligramu 75, usiiache kwa sababu umesoma hapa. Ila ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi, kwa hiyo ukienda kununua dawa taja zote unazomeza.