Dramu kubwa hapewi aliyeshindwa tarumbeta

Hili neno nimelisikia miaka na miaka ila kulisikia msibani kwa rafiki yangu limenishinda. Eti marehemu ujanani alikuwa kwenye bendi ila "alikuwa anapiga dramu kubwa tu", na watu wanatikisa vichwa kukubali, maana wengi wanaamini dramu kubwa anabebeshwa yule aliyeshindwa tarumbeta. Mimi nafundisha bendi za vijana, na marehemu tumekua nae bendi moja ya shule hapa Dar, mimi tromboni yeye dramu, tumezeeka marafiki, kwahiyo hili siliachi lipite.

Kazi za kawaida za mpiga dramu kubwa nazipitia haraka. Pigo zito linatua pamoja na mguu wa kushoto wa wanaotembea, hiyo kila mtu anajua. Bendi ikitakiwa kunyamaza yeye ndo anatoa yale mapigo mawili ya haraka na vyombo vyote vinakata. Sawa.

Sasa kuna kitu watu hawakioni kabisa. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kwenye mwendo wa hatua 120 kwa dakika kila hatua ni nusu sekunde. Bendi zikiunganishwa kwa gwaride kubwa, aliye mita 34 kutoka kwenye dramu analisikia pigo limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yani moja ya tano ya hatua, akilifuata kwa sikio tupu mguu wake unachelewa na wewe uliyekaa jukwaani unaona mistari inapiga mawimbi. Ndo maana dramu tunaziweka katikati. Alafu kuna ukuta, na ukuta ndo unanipandisha hasira watu wakisema "tu". Jukwaa la zege likiwa mita 85 mbele yenu mlio unaenda na kurudi mita 170, nusu sekunde nzima, pigo la kushoto linakurudia uko mguu wa kulia na linasikika kama ndo lenyewe. Kijana mgeni anabadili mguu, wa pembeni anamfuata, wapiga snea, zile ngoma ndogo, wanaanza kuharakisha mapigo, gwaride limekwisha. Jamaa yangu mwangwi ulikuwa unampiga usoni na mkono wake uko palepale. Sijawahi kumwona akiyumba, na nimefundisha wengi baada yake, wa hivyo ni wachache mno.

Tukiwa tayari watu wazima na familia zetu nikamuuliza alikuwa anafanyaje. Akasema hasikilizi chochote, anachungulia pembeni ya dramu anaangalia visigino vyetu sisi wa tromboni mstari wa mbele. Hapo ndo nabaki na swali, maana tunafundisha kwamba bendi nzima inafuata dramu, mimi nilikuwa namfuata yeye kumbe yeye anafuata kisigino changu, sasa aliyeshika mwendo nani? Nimewaza sana, nahisi ni yeye, alikuwa anajua kisigino kipi cha kuamini na kipi cha kupuuza, ila kuthibitisha siwezi na kwenye mafunzo sijawahi kukuta mahali panapoeleza hivyo.

Namkumbuka sana. Na kwenye bendi yangu ya sasa dramu kubwa nimempa binti mwenye sikio zuri kuliko wote, mama yake kanipigia simu kulalamika kwamba nimemshusha mwanae. Mama, sababu ndo hizo.