Filamu za "kabla ya Kanuni" hazikutangulia kanuni yoyote

Wiki hii nimemsikia tena mtu, na si mgeni katika mambo ya sinema, akieleza kwamba filamu za majambazi zilizotengenezwa Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilirindima risasi kwa sababu "wakati ule hakukuwa na kanuni". Huitwa filamu za "kabla ya Kanuni", na kwa ufupi ni zile zilizotoka Marekani tangu sinema ilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, hadi katikati ya 1934. Maana yake haina utata. Kinachopotosha ni hilo neno "kabla".

Kanuni yenyewe, yaani masharti ya maadili kuhusu yale ambayo filamu ingeruhusiwa kuonyesha, iliyoandikwa na padri Mjesuiti Daniel Lord pamoja na mchapishaji Martin Quigley, ilipitishwa tarehe 31 Machi 1930 na chama cha watengenezaji na wasambazaji wa filamu kilichoongozwa na Will Hays. Little Caesar na The Public Enemy zilitoka 1931, na Scarface ikafuata 1932. Zote tatu, basi, zilizaliwa zikaikuta Kanuni.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kina maneno mawili ambayo msemaji wangu aliyachanganya. "Kanuni" imetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kigiriki, ambako asili yake ni ufito ulionyooka wa kupimia; "kudhibiti", ambalo pia ni la Kiarabu, ni kushika kitu barabara kisiponyoke. Ufito haupimi kitu mpaka upate mkono wa kuushika, na kati ya 1930 na 1934 mkono huo ulilegea. Ofisi ya Hays ilisoma miswada na kutoa ushauri, lakini studio isiyoridhika iliweza kukata rufaa mbele ya jopo la watayarishaji wenzake, yaani watu ambao kesho yake wangeweza kuhitaji hisani hiyohiyo. Na uchumi ulipoporomoka, bastola ziliuza tiketi. Mkono ulikaza Julai 1934, baada ya Wakatoliki kutishia kuzisusia kumbi, pale Joseph Breen alipokabidhiwa ofisi mpya ya kutoa vyeti vya kuidhinisha filamu, na faini ya dola 25,000 ikawekwa kwa mwanachama ambaye angeonyesha filamu isiyo na cheti.

Hata hivyo, mkono uliolegea nao huacha alama. Katika The Public Enemy, jambazi anayeigizwa na James Cagney anamwendea mtu aliyemfundisha wizi utotoni. Yule mtu anasihi, kisha anakaa kwenye piano na kuanza wimbo wa zamani, akitumaini kwamba kumbukumbu itamwokoa. Kamera inawaacha wote wawili na kumfuata rafiki aliyesimama karibu na mlango. Tunasikia risasi, piano inavurugika, mwili unaanguka, na maiti hatuioni. Kanuni ilikataza mauaji ya kikatili kuonyeshwa kinaganaga. Sidai kwamba ndiyo peke yake iliyoisogeza kamera, kwa kuwa mwongozaji hodari angeweza kuisogeza kwa hiari yake, lakini anayesema hakukuwa na kanuni hawezi hata kuliuliza swali hilo. Scarface nayo ilicheleweshwa, ikaongezewa kichwa cha pili kinachotaja aibu ya taifa, na ukapigwa mwisho mwingine ambamo jambazi anahukumiwa na kunyongwa.

Wapo pia wanaosema ni serikali ya Marekani iliyotunga Kanuni hiyo. Sivyo. Mkasi wa serikali ulikuwa mikononi mwa bodi za majimbo kama New York, Ohio na Pennsylvania, mfumo ambao Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuuruhusu mwaka 1915 kwa hoja kwamba sinema ni biashara tu. Kanuni ya Hays haikuwa sheria, bali ahadi ambayo wenye biashara walijiwekea wenyewe, wakitumaini kwamba mkasi ule usingewafikia.

Jina "kabla ya Kanuni" limekwisha kuzoeleka na sitarajii mtu aliache. Ninaloomba ni kwamba, anapofika kwenye maelezo, aseme "kabla ya Julai 1934", au, akipenda neno badala ya tarehe, "kabla ya udhibiti".