Tani Zimepanda, Haya, Meneja Amefanya Nini?

Kila Julai, mwaka wa fedha ukishafungwa tarehe 30 Juni, simu yangu inajaa mabango yaleyale. Bosi wa bandari kavaa kofia ngumu, nyuma yake meli, chini yake asilimia nono kwa maandishi mekundu: shehena imeongezeka! Pongezi zinamiminika. Mwaka tani zikishuka bango halitoki, na walewale waliopongeza wanauliza huyu bwana anangoja nini kupisha wengine. Juzi jamaa mmoja, msomi kabisa, kaniandikia: "Wewe mtu wa takwimu za meli, kubali tu kwamba tani ndiyo mtihani wa meneja." Sikubali. Nimeshalieleza hili kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mtwara mpaka wenzangu wakiniona nafungua mdomo wanaaga. Leo naliandika, ili mwingine akiuliza nimtumie hii nikalale.

Tani za bandari kama yetu zinapimwa gatini lakini zinazaliwa mbali. Zinazaliwa kwenye mikorosho ya Tandahimba na Newala: mvua ilikuwaje, dawa ya salfa ilifika kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, haujashika maua au baada, mnada ulikwenda bei gani. Kwa miaka mingi korosho za kusini zilikuwa zikipakiwa kwenye malori na kutokea Dar es Salaam. Serikali ilipoagiza zitokee Mtwara, tani zikapanda. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, wanunuzi wakahangaika kutafuta makaa ya mawe kila pembe ya dunia, malori ya makaa kutoka Ruvuma yakafurika barabarani kuja huku, tani zikapanda tena. Kumsifu meneja kwa hayo ni sawa na kumsifu mshika mlango kwa wingi wa wageni harusini.

Na kama unadhani natania, angalia bandari yenyewe ilivyozaliwa. Waingereza walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga kule Nachingwea. Mradi ukaachwa 1951. Gati la kina kirefu likakamilika 1954, reli ikaunganishwa, karanga zenyewe hakuna. Reli ikafungwa 1962, baadaye ikang'olewa. Sasa niambie, msimamizi wa bandari wa 1955 angepewa alama gani kwa kipimo chako cha tani? Alikuwa na bandari ya asili yenye kina cha kuonewa wivu na gati jipya linanukia saruji, na mzigo haukuwepo. Angefukuzwa kwa kosa la mtu aliyekaa London na kudhani karanga huota popote.

Tuje kwenye makontena, maana hapo ndipo bango hudanganya vizuri zaidi bila kusema uongo hata mmoja.

Mtwara tunasafirisha korosho nyingi nje, hasa India na Vietnam, lakini mzigo wa kontena unaoingia ni mdogo. Kwa hiyo ili upakie kontena moja la korosho, kwanza lazima meli ilete kontena tupu. Tupu likishushwa linahesabiwa. Likijazwa korosho na kupakiwa, linahesabiwa tena. Hesabu ni halali, dunia nzima wanahesabu kila kontena linalovuka ukingo wa gati. Lakini ukisoma kwamba bandari "imehudumia" makontena kadhaa, jua kwamba karibu nusu yake yaliingia na upepo ndani. Tumezoea watumishi hewa, haya ni makontena hewa yenye risiti. Mimi nikipewa taarifa ya mwaka, jambo la kwanza ni kutafuta mstari wa matupu na kuuweka pembeni. Usipokuwepo, nauliza. Nisipojibiwa, nimeshapata jibu.

Makaa ndiyo yanavuruga zaidi. Meli moja ya makaa hubeba maelfu kwa maelfu ya tani za mzigo wa kichele, yaani usiofungwa kwenye magunia wala kontena, inapakiwa kwa makucha ya kreni, tani zinakwenda kwa kasi ambayo genge la wapakiaji wa korosho haliwezi kuiota. Mwaka ambao makaa yameongezeka, wastani wa tani kwa siku kwa meli utaruka juu hata kama genge la makaa na genge la korosho yote mawili yamezorota. Rudia kusoma sentensi hiyo. Kila kazi imekuwa mbaya zaidi na wastani umekuwa mzuri zaidi, kwa sababu tu mzigo mwepesi kupakia umekuwa mwingi. Kwa hiyo taarifa inayotoa wastani mmoja kwa mizigo yote mimi huifunga. Nitenganishie korosho, nitenganishie makaa, saruji na mafuta vilevile, ndipo tuzungumze. (Na vumbi la makaa halikai pamoja na korosho. Ndiyo maana umekuwepo mpango wa bandari ya mzigo mchafu kule Kisiwa Mgao.)

Gati kujaa. "Gati limejaa mwaka mzima, kazi nzuri!" Hapana. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, lilishaweka mwongozo wa shehena ya kawaida zamani: bandari yenye gati moja isizidi asilimia 40 ya muda kuwa na meli, magati mawili asilimia 50, matatu 55, na ni ukifika sita ndipo unaweza kwenda 70. Magati yakiwa machache, meli mbili zikigongana siku moja hakuna pa kuipeleka ya pili. Sisi tuna gati la zamani la mita 385 na jipya la mita 300 lililogharimu takriban shilingi bilioni 157. Sio bandari ya kujisifia asilimia 80. Asilimia 80 kwetu maana yake meli ziko nje zinangoja. Halafu hata asilimia ya chini haikuambii kitu, kwa sababu Novemba, msimu wa korosho, ni vurugu na Mei unaweza kucheza mpira gatini. Wastani wa vurugu na ukimya unatoka "wastani mzuri".

Sasa saa. Hapa ndipo damu yangu huchemka, nivumilieni.

Kila meli ina karatasi yake ya matukio. Wakala wa meli anaijaza, nahodha anasaini, bandari inasaini. Chukua meli ya mfano. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, imetupa nanga nje. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, rubani kaiingiza, kamba ya kwanza imefungwa. Saa tatu, magenge yameanza. Saa nane mchana, mvua, mahandaki (vyumba vya mzigo melini) yamefunikwa. Saa kumi, kazi imeendelea. Saa mbili usiku, kreni imeharibika. Saa saba usiku, imetengemaa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kamba ya mwisho imefunguliwa. Meli hiyo imekaa siku ngapi bandarini? Taarifa ya mwaka itakuambia mbili, kwa sababu saa yao inaanza kamba ikifungwa. Mwenye meli atakuambia tano, maana analipa mafuta na mabaharia tangu Jumatatu. Wote wawili wana karatasi moja mkononi.

Ukinisikia hapo usikimbilie kumlaumu meneja kwa zile siku tatu. Ndilo kosa la pili, na linafanywa na wale wanaojiona wamelikwepa la kwanza. Siku tatu za kungoja zinaweza kuwa na baba wanne. Gati halikuwa wazi: hapo meneja ajibu. Rubani au boti ya kuvuta meli haikuwepo: ajibu kwa sauti zaidi. Korosho hazijafika, mnunuzi alishinda mnada lakini hajalipa na ghala haliwezi kuachia mzigo: meneja hahusiki hata kidogo. Kibali au karatasi za forodha hazijakamilika: hapo kila ofisi itamwonyesha mwenzake kidole. Taarifa isiyogawa siku za kungoja kwa sababu zake haifai kumpandisha mtu cheo wala kumshusha. Kreni je? Ile iliyolala tangu saa mbili hadi saa saba usiku ni yake, ya kwake kabisa, na ajabu ndiyo saa inayopotea haraka zaidi kwenye majumuisho.

Mvua sina uhakika nayo. Desturi ni kuitoa kwenye hesabu ya saa: korosho ikilowa imeharibika, mahandaki yakifungwa saa inasimama, hakuna wa kulaumiwa. Miaka yote nimekuwa nikiitoa. Lakini korosho iliyokwisha kufungiwa ndani ya kontena mvua haiisumbui hivyo, na mvua ya Mtwara huanza kabla msimu haujaisha, kila mtu anajua. Kitu kinachokuja kila mwaka kwa ratiba, mpaka lini tukiite dharura? Nimeona pia magenge yakisubiri muda mrefu baada ya mvua kukatika, na karatasi ikasema mvua. Sijui nikate wapi.

Mambo mengine kwa haraka. Ukilinganisha miaka, hakikisha yote ni ya fedha au yote ya kalenda. Msimu wa korosho unaanza Oktoba na kuingia mwaka mpya. Mwaka wa fedha unaubeba wote, mwaka wa kalenda unaukata katikati, na meli chache zikichelewa kutoka Desemba kwenda Januari zinatengeneza "anguko" na "mafanikio" bila kitu kubadilika. Ajali: bandari iliyoripoti matukio mengi zaidi ya mwaka jana huenda imeanza tu kuwa mkweli. Mamlaka: meneja wa Mtwara yuko chini ya TPA, mamlaka ya bandari ya nchi nzima, Mkurugenzi Mkuu yuko Dar es Salaam, na TASAC, shirika la Serikali la uwakala wa meli, ndiyo inayodhibiti tozo. Usimhukumu mtu kwa kreni ambayo hana saini ya kuinunua. Mpime kwa kreni aliyonayo, ilifanya kazi saa ngapi kati ya zile ilizohitajiwa. Narudia, zile ilizohitajiwa, sio saa zote za mwaka, maana mashine inayopumzika Mei ni rahisi sana kuwa nzima. Na malengo: kwenye kupima utendaji wa watumishi wa umma tulitoka mfumo wa OPRAS wa 2004 tukaingia PEPMIS, mfumo umehamia kwenye kompyuta, lakini anayeandika lengo bado anaweza kuandika lile ambalo msimu utamtimizia.

Kuna msomaji makini ataniuliza: basi meneja hana mkono wowote kwenye tani? Anao, na hapa ndipo sina dawa. Kampuni ya meli haileti makontena matupu Mtwara kwa sababu ya agizo peke yake. Mtu amepiga simu, ameahidi kwamba meli yao ikifika haitakaa nje, amekaa na vyama vikuu vya ushirika kuulizia mzigo wa wiki tatu zijazo, ameitimiza ahadi Novemba gati likiwa limebanana. Mwaka unaofuata meli zinarudi, na matunda ya zile simu yanaonekana kama tani, ndani ya jumla ileile ninayoikataa. Nimejaribu kuyachambua kwa kuangalia kampuni zilizorudi bila kulazimishwa. Lakini kwenye mwaka wenye agizo la Serikali huwezi kujua nani amerudi kwa hiari. Kwa hiyo hiyo sehemu naiacha bila alama, na bosi akitaka kuitetea nitamsikiliza, mradi aje na karatasi za meli za Novemba, sio bango.